Mshonaji wa Nguo za Mzinga

Kabla watu hawajamwita Mama Turubai, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, mwenye chumba kimoja kilichopakana na kibanda cha kinyozi. Kinyozi huyo alikuwa mumewe. Ukuta uliowatenga ulikuwa wa mbao nyembamba, hata mteja aliyekuwa akinyolewa aliweza kusikia mikasi miwili kwa pamoja: mmoja ukikata nywele zake, mwingine ukikata kaptura ya mwanawe. Mume alikuwa mtu wa maneno. Mke alikuwa mtu wa pini, na anayeshika pini kwa midomo kutwa nzima huzoea kunyamaza.

Kazi ya jeshini ilimjia kupitia kwa mjomba wake, mtunza stoo wa karakana moja ya jeshi pembezoni mwa mji. Asubuhi moja mjomba aliingia na kipande cha turubai kigumu kama ngozi ya nyati, akakibwaga juu ya meza ya kukatia.

"Mpwa wangu, cherehani yako inapitisha sindano hapa?"

Alikikunja mara mbili, akakibonyeza kwa kidole gumba. "Cherehani haitaweza. Mkono utaweza. Ni nguo ya nani?"

"Usiniulize."

"Mjomba, nisipojua nguo ni ya nani, nitajuaje pa kutoboa kichwa kipite?"

Mjomba alitazama ule ukuta wa mbao, akashusha sauti. Ilikuwa nguo ya mzinga. Lakini si mzinga ule wa zamani unaovutwa na gari kama mbuzi anayepelekwa mnadani asipotaka. Huu walikuwa wanaupandisha mgongoni mwa lori, ujiendee wenyewe, upige, uondoke kabla adui hajajua kishindo kimetoka wapi. Upande wa pili wa ukuta, mkasi wa kinyozi ulikuwa umenyamaza kabisa.

"Endelea kunyoa, baba watoto," mke alisema kwa sauti. "Mteja wako atapata baridi ya nusu kichwa."

Vipimo vililetwa ndani ya bahasha yenye muhuri mwekundu: urefu, upana, kimo, basi. Alishona siku tisa kwa sindano ya magunia na uzi uliopakwa nta. Siku ya kulivalisha, askari sita walilivuta turubai kutoka mbele, likagoma kwenye vioo vya pembeni. Wakalivuta kutoka nyuma, likagoma kwenye ngazi. Kumbe aliyepima alipima gari kama mtu anayepima sanduku, akasahau kwamba gari lina masikio na mkia.

Aliyepima alikuwa mhandisi mkuu mwenyewe, mtu mrefu mwembamba, kalamu nne mfukoni mwa shati, ambaye kila alichokisema alikimalizia kwa neno moja. Kwa ajili hiyo karakana nzima ilimwita Nukta, ila si mbele yake.

"Turubai ni dogo. Nukta," alisema.

"Turubai si dogo, Mhandisi. Karatasi yako ndiyo haina masikio. Mimi nguo sishoni kwa kusikia. Nileteeni mteja nimpime."

Tatizo ni kwamba mteja alikuwa siri. Suala lilipelekwa kwa Meja, mkuu wa karakana, likajadiliwa siku mbili, na uamuzi ukatoka: mshonaji aruhusiwe kulipima gari, ila asilione. Ili hilo liwezekane, walilifunika kwa mashuka kumi na mawili ya bwenini, wakayaunga kwa pini, ndipo wakamwita. Alisimama mlangoni, tepu shingoni, akakitazama kile kilima cheupe.

"Afande," alimwambia Meja kwa adabu zote, "kama nguo ya kulifunika mnayo, mimi mmeniitia nini?"

Meja alikohoa. Kikohozi kikamshinda, kikageuka kicheko, na askari waliokuwa wamebana midomo wakapata ruhusa. Ni Nukta peke yake ambaye hakucheka.

"Toeni mashuka," Meja alisema.

Hivyo ndivyo alivyoonana na Toleo la Kwanza: lori la magurudumu sita, mgongoni mzinga mfupi mnene kama mchi uliosahaulika kwenye kinu. Askari waliliita Chura. Sababu ya jina aliielewa siku ya majaribio, aliporuhusiwa kusimama nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga. Mzinga ulipopiga, lori liliruka nyuma hatua tatu na vioo vya mbele vikamwagika kama ugoro. Nukta aliandika kitu kwenye daftari lake, akakifuta, akaandika kingine. Baada ya mwezi Chura aliongezewa miguu minne ya chuma, ya kushushwa na kukita ardhini kabla ya kupiga. Mshonaji naye akaongeza mifuko minne kwenye turubai, mmoja kwa kila mguu.

Safari hii lilimkaa sawasawa. Meja alilizunguka mara mbili, akapitisha kiganja kwenye pindo, akauliza kama fundi angependa ajira ya kudumu.

Alipewa chumba chenye dirisha pana, meza ndefu kama kitanda cha watu wanne na cherehani ya kushonea ngozi ambayo ilinguruma kama trekta. Jina la Mama Turubai lilifuata lenyewe. Kifuniko kirefu cha kuvalisha mtutu alikiita soksi, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na neno bora, neno hilo likaingia kwenye fomu za stoo: "Soksi, turubai, moja."

Nyumbani ndiko kulikokuwa na vita yenyewe. Kibanda cha kinyozi kilikuwa bunge, na wateja wote walijua kwamba mke wa spika anafanya kazi kule kwenye uzio wa seng'enge.

"Mke wangu," mume angeanza wakati wa chakula, mpole kama mtu anayeomba chumvi, "leo umeshona nini?"

"Soksi."

"Ya nani?"

"Ya mtu mwenye mguu mmoja."

"Mguu mrefu?"

"Kula, chakula kinapoa."

Mume hakukata tamaa. Alizitazama nyuzi zilizong'ang'ania gauni la mkewe, akanusa viganja vyake kama vina grisi au mafuta ya taa, na kesho yake akawapa wateja taarifa kamili. Kwa miaka mingi watu wa mtaa ule waliamini kwamba jeshi lina mzinga wenye mitutu mitatu unaoogelea. Mke alizisikia habari hizo kupitia ukuta siku zake za mapumziko, akaziacha zilivyo. Siri ikifunikwa na uongo wa kinyozi haihitaji turubai.

Baada ya miaka minne likaja Toleo la Pili. Wahandisi walichukua kifaru kikuukuu cha vita, wakaking'oa kichwa, wakaupachika mzinga mahali pake. Sasa mashine ilikwenda kwa minyororo na haikuogopa tope wala mtaro. Waliiita Kobe, ila kobe huyu hakuwa na gamba: watu watano walikaa juu, wazi, kama abiria wa mkokoteni. Siku moja mgeni mkubwa kutoka makao makuu alipandishwa ili apate raha ya kutembezwa. Mvua ikamkuta katikati ya uwanja. Alirudi ameloa chapachapa, akasema neno moja tu: "Paa."

Mama Turubai alishona paa la turubai kwa wiki moja. Lilikuwa zuri, lina madirisha ya nailoni na mikanda ya kubana pande zote. Nukta alisisitiza mikanda yote ifungwe.

"Mhandisi, upepo wa mlio utatokea wapi?"

"Mikanda ifungwe. Nukta."

Ikafungwa. Mlio wa kwanza tu, paa likang'oka zima zima, likapaa juu ya uzio na kutua kwenye shamba la jirani, ambapo ng'ombe watatu walikimbia na wa nne akaanza kulila. Siku iliyofuata mshonaji alilishona tena na kuacha pembe mbili zikipepea. Paa lilibaki mahali pake miaka miwili, hadi likaja Toleo la Tatu lenye kichwa cha chuma kinachozunguka, mlango, na tundu la kutolea moshi.

Toleo hilo la tatu lilizaa sana. Kiwiliwili kile kile walikitoa mzinga, wakakitia rafu za kubebea makombora, wakakiita Punda. Kingine wakakitia winchi ya kuwavuta wenzake waliokwama. Kingine tena walikitengeneza kwa ajili ya kufundishia madereva, kina bomba tupu mahali pa mtutu, nacho kiliitwa Bubu. Kila mtoto alitaka nguo yake. Mama Turubai alitundika ukutani vipande vya karatasi vya kukatia, kila kimoja na jina lake, na wahandisi wapya walipoajiriwa waliletwa kwanza chumbani kwake, kwa sababu pale ndipo mtu alipoweza kuuona ukoo mzima kwa mara moja.

"Huyu ni babu," angewaambia, akionyesha kwa rula. "Huyu mama. Hawa wote ndugu, baba mmoja. Huyu Bubu msimcheke, hajawahi kumtia mtu uziwi."

Kuhusu kazi yenyewe ya mzinga alikuwa na maoni yake, ingawa hakuyatangaza. Meja alipomwuliza siku moja kama hasumbuliwi na kushonea silaha, alifunga uzi kwanza, akaukata.

"Afande, mimi nashona cha kuufunika. Muda wote ukiwa umevaa nguo yangu, hakuna anayelia mahali. Ndiyo maana nashona imara."

Basi, likaja Toleo la Nne, na hapo ndipo yaliyotokea yakatokea.

Wakubwa walitaka kombora liende mbali zaidi, na kwenda mbali kunataka mtutu mrefu. Nukta alichora mtutu mrefu kiasi kwamba mashine ikiingia karakanani, mdomo wa mzinga ulifika kwenye meza ya chai kabla dereva hajavuka mlango. Waliiita Twiga. Mama Turubai alishona soksi ndefu kuliko zote alizowahi kushona. Ilibidi meza iongezwe na ncha ya kitambaa itokee dirishani.

Soksi ilirudi baada ya wiki tatu, imechanika. Akatia kiraka. Ikarudi. Akatia kiraka cha ngozi. Ikarudi, na ya Twiga wa pili, na ya Twiga wa tatu. Kisha ikaja barua yenye sahihi ya mhandisi mkuu, ikisema kwamba uharibifu wa mara kwa mara umetokana na "ushonaji wa ubora hafifu".

Aliisoma barua amesimama. Aliisoma tena ameketi. Miaka kumi na sita alikuwa ameshona pale, na hapakuwa na pindo lake lililowahi kufumuka. Nyumbani hakula vizuri. Mume alichungulia uso wake, akaacha maswali, akamwekea maji ya kuoga. Alikuwa mbea, lakini hakuwa mjinga.

Asubuhi Mama Turubai alikwenda kwenye sakafu kubwa ya karakana, akazitandika soksi zote tatu zilizochanika, sambamba, midomo ikielekea upande mmoja. Mafundi wakasogea. Matundu yote matatu yalikuwa mahali pamoja, kama yamepimwa.

"Mwiteni Mhandisi," alisema.

Nukta alikuja na kalamu zake nne.

"Mhandisi, ushonaji mbaya hufumuka penye mshono. Mshono uko wapi hapa? Tundu liko katikati ya kitambaa kizima. Hapa pana nini kwenye gari?"

Dereva wa majaribio, ambaye kwa kuwa hakujua kwenda polepole walimwita Taratibu, alijibu kabla ya mkubwa wake. "Ni pale kwenye lile kono la chuma, mama. Linaloukamata mtutu tukiwa safarini usiyumbe."

"Kono linaushika mtutu barabara," Nukta alisema. "Nimelichora mwenyewe. Nukta."

"Lingeushika barabara, kitambaa kingekuwa na mikunjo. Nguo inayobana hukunjamana, baba. Nguo inayochezacheza ndiyo inayochanika. Hilo hata mshona kaptura analijua."

Walitazamana. Kisha Mama Turubai akatoa chaki ya bluu mfukoni, akapanda juu ya Twiga aliyekuwa karibu, huku Taratibu akimshikia ngazi, akachora mstari mmoja ulionyooka, ulioanzia kwenye kono la chuma na kuishia kwenye soksi.

"Twende tukatembee naye. Kono likishika, mstari utarudi umenyooka, nami nitaiosha barua yako niyanywe maji yake. Nawe utapanda, Mhandisi. Nguo hujaribiwa ikiwa mwilini."

Walipanda wote watatu. Taratibu alipata kile alichokuwa akikiombea maisha yake yote: ruhusa ya kwenda kwenye uwanja wa mashimo na mashahidi wawili. Mama Turubai alishika kiti kwa mikono miwili. Nukta aligonga kichwa kwenye dari mara ya kwanza, akasema "Nukta!" Akagonga mara ya pili, akasema neno ambalo halimo katika vitabu vya uhandisi. Waliposhuka kalamu ilikuwa imebaki moja.

Mstari wa chaki ulikuwa umevunjika. Nusu ya kwenye kono ilibaki mahali pake. Nusu ya kwenye soksi ilikuwa imesogea vidole vinne, nao wote umechafuka bluu kama mdomo wa mtoto aliyetafuna kalamu.

Nukta alipanda juu, akapima, akashuka, akaenda ofisini na kurudi na michoro. Alizitandaza karatasi mbili pale pale sakafuni, ya Toleo la Tatu na ya Toleo la Nne, akapiga magoti. Mtutu ulirefushwa, kono lilibaki pale pale lilipokuwa wakati wa mtutu mfupi. Lilikuwa likimshika twiga kwa mkanda wa mbuzi. Na kadiri alivyoendelea kupima ndivyo uso wake ulivyobadilika, maana wapiga mzinga walikuwa wamelalamika kwa miezi kwamba Twiga akisafiri mbali, akifika hapigi anapolenga, nao waliambiwa wao ndio hawajui kulenga. Kumbe njia nzima mtutu ulikuwa unatikisika na kulegeza meno ya gia zilizoushikilia.

"Hawa vijana nao niliwaandikia barua," alisema polepole, kama anayejiambia mwenyewe.

Kono lilisogezwa mbele, likapanuliwa, likawekewa mpira ndani. Soksi iliyofuata ilimaliza mwaka mzima bila kiraka, na Twiga akaanza kupiga alikoelekezwa. Kwenye karatasi mashine iliyorekebishwa iliandikwa Toleo la Nne B. Wahandisi walishikilia kwamba ni herufi tu inayofuata A. Askari walisema B ni ya Bibi, na wengine wakadai ni ya Bluu, kwa sababu ya chaki. Mjadala huo haujaisha.

Kwa Mama Turubai ilifika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza. Ilisema kwamba barua iliyotangulia imefutwa, nukta. Chini yake, kwa mwandiko mdogo wa kalamu nyingine, palikuwa na maneno mawili: "Asante, dada." Aliionyesha kwa mtu mmoja tu, mjomba wake, aliyekuwa amestaafu na kuanza kutosikia vizuri, ikabidi amsomee kwa kupiga kelele hadi jirani naye akajua.

Mwaka uliofuata karakana ilifungua milango kwa familia za wafanyakazi, siku moja, saa tatu hadi saa saba mchana. Kinyozi alifunga kibanda, akanyoa ndevu zake mwenyewe mara mbili, akavaa koti. Wateja walimtuma na orodha ya maswali. Alifika, akaongozwa hadi uwanjani, na pale mbele yake zilikuwa zimepangwa mashine sita, kubwa, za kutisha, na zote zimefunikwa kuanzia utosini hadi kwenye minyororo.

"Ruhusa ni kuziona zikiwa zimevaa," Taratibu alimweleza kwa huruma. "Zikiwa uchi ni siri."

Mume alimgeukia mkewe, mkewe akatazama mawingu. Basi alizizunguka zote sita, mikono nyuma, kama mkaguzi. Alisimama mbele ya Twiga, akauangalia ule urefu, akavuta hewa. Kisha akainama kwenye pindo na kufuata mshono kwa kidole, hatua kwa hatua, kutoka pembe hadi pembe. Hakukuta pahali ulipopinda.

"Mama watoto," alisema, "hii yote kwa mkono?"

"Pembe ni mkono. Kwingine ni mashine."

Kesho yake bunge lilijaa hadi nje. Walimwuliza mzinga una mitutu mingapi, kama kweli unaogelea. Mke alisikiliza kupitia mbao, pini mdomoni.

"Mimi sikuona mzinga," kinyozi aliwaambia. "Nimeona kazi ya mke wangu. Na kama ndani kuna kitu kibovu, basi hakistahili nguo ile." Kisha akaongeza kwamba kuogelea ni lazima, maana alisikia harufu ya maji.

Mama Turubai alifanya kazi miaka kumi na moja mingine. Alistaafu mwaka lilipofika Toleo la Tano, ambalo, baada ya minyororo yote ile, lilirudi kwenye magurudumu, manane, kwa kuwa barabara sasa zilikuwa nzuri na minyororo ilizichimbua. Lilikuja na kifuniko chake tayari kutoka kiwandani, cha plastiki nyembamba, kimegundishwa kwa joto bila uzi hata mmoja. Alikishika, akakirudisha. Kiliishi msimu mmoja wa jua, kikapasuka kama ganda la yai, na Meja mpya akamtumia gari nyumbani limrudishe karakanani.

Siku hizi huenda kule Jumanne na Alhamisi kuwafundisha wanawake wawili waliochukua nafasi yake. Mmoja ana mkono mzuri, mwingine ana haraka. Huwaanzisha wote kwa jambo moja: huwapeleka nje kwenye jua, huwapa tepu, na kuwaambia waanze na vioo vya pembeni.